Sura ya Sita: Sentimita Kumi na Mbili

Tarehe 12 Agosti 2012, siku ya mwisho ya Michezo ya Olimpiki ya London, wanaume wawili waliingia mita za mwisho za mbio za baiskeli za milimani wakiwa wamekaribiana kiasi cha kugusana. Mbio zilifanyika Hadleigh Farm, katika jimbo la Essex, mashariki mwa jiji: kilima cha nyasi kisicho kirefu, ambacho waandaaji walikijaza mawe makubwa ili kiwatese waendeshaji. Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech alimpita Nino Schurter wa Uswisi akashinda kwa sekunde 1. Wa tatu, Marco Aurelio Fontana wa Italia, alimaliza bila kiti. Kiti chake kilikatika katika mzunguko wa mwisho, akaendesha amesimama mpaka mwisho.

Mashabiki walikuwa wakitazama mbio. Mafundi walikuwa wakitazama magurudumu ya nyuma. Baiskeli ya Schurter ilikuwa na springi mbele tu. Ya Kulhavý ilikuwa nazo mbele na nyuma. Kwa miaka mingi kabla ya siku ile, wakimbiaji wengi wa mbio hizo waliamini kwamba springi ya nyuma ni mzigo wa bure: inaongeza uzito, inakula nguvu ya miguu kila unapokanyaga pedali, na inahitaji fundi muda wote. Sekunde moja haiwezi kumaliza ubishi wa namna hiyo, na Kulhavý alikuwa mkimbiaji mkubwa juu ya baiskeli yoyote. Lakini miaka minne baadaye, huko Rio de Janeiro, wawili hao walibadilishana nafasi, na safari hii Schurter alichukua dhahabu akiwa na springi pande zote mbili.

Hadleigh alikuwepo pia Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyekuwa amebeba bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi wa michezo. Alimaliza wa 39. Ukiifuata njia iliyomfikisha pale, unakutana na mtu aliyekuwepo wakati baiskeli za milimani zinazaliwa. Mwaka 2005 Tom Ritchey, mtengenezaji wa fremu kutoka California, alitembelea Rwanda na kuona watu wakisafirisha mizigo kwenye miteremko kwa baiskeli za mbao, zisizo na pedali wala cheni. Mwaka uliofuata yakaandaliwa mashindano yaliyozihusisha hata baiskeli hizo. Katika mradi huo ikakua timu ya taifa ya baiskeli ya Rwanda, na Niyonshuti alikuwa miongoni mwa vijana wake wa kwanza.

Ritchey mwenyewe aliwatengenezea fremu baadhi ya vijana wa Marin, kaskazini mwa San Francisco, ambao kuanzia Oktoba 1976 walikuwa wakishindana kushuka barabara ya vumbi iliyoporomoka takriban mita 400 ndani ya kilomita 3. Walitumia baiskeli nzito za zamani zenye breki za ndani ya habu, zile unazozifunga kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Wakifika chini, grisi imeungua na habu zinatoa moshi. Mmoja wao, Gary Fisher, aliwahi kushuka kwa dakika 4 na sekunde 22, na hapakuwa na springi hata moja chini yake. Ilibidi kusubiri hadi mwisho wa miaka ya 1980 ndipo Paul Turner na wenzake wa RockShox wakaleta foki ya kwanza ya springi iliyouzwa kwa wingi, na hiyo nayo ilibonyea kama sentimita 5 tu.

Baiskeli ya sura hii ni ya ukoo wa ile ya Kulhavý, ingawa imekwenda mbali na ukoo huo. Wauzaji wanapozipanga baiskeli za milimani hupima kwanza umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kuelekea fremu kabla springi haijagota. Tuuite umbali huo mbonyeo. Baiskeli ya mbio za Olimpiki ina mbonyeo wa milimita 100 hadi 120. Ile ya kushuka miamba kwa kasi, ambayo hupandishwa mlimani kwa gari au kwa viti vya nyaya, ina 200. Katikati kuna za kila namna. Yetu inasimama upande mfupi: mara nyingi milimita 120, mbele na nyuma.

Dai langu ni kwamba kwa njia nyingi ambazo mtu ataendesha maishani mwake, sentimita hizo kumi na mbili zinatosha, na kuziongeza kunampokonya sehemu nzuri ya uendeshaji. Ili dai hilo lieleweke, tuanze na miguu.

Chukua kishuko cha nusu mita, ngazi ya mwamba ambayo unairuka na kutua mahali tambarare. Kufika chini unakuwa unashuka kwa mita 3 kwa sekunde na zaidi kidogo. Mwendo huo lazima usimamishwe, na jinsi umbali wa kuusimamisha unavyokuwa mfupi, ndivyo kishindo kinavyokuwa kikubwa. Ukitua umekaza magoti, ukaiachia baiskeli yenye mbonyeo wa sentimita 12 kazi yote, nguvu inayokupiga ni wastani wa mara 5 ya uzito wako. Baiskeli ya sentimita 17 inaishusha hadi karibu mara 4. Hiyo ni tofauti ya kulipia. Sasa tua kwa namna ambayo mwendeshaji hutua kweli, umesimama juu ya pedali, magoti na viwiko vikikunjika. Miguu inakupa sentimita 40 nyingine za kupunguzia mwendo. Kwa baiskeli fupi kishindo kinashuka hadi mara 2 hivi, na kwa ndefu kinapungua hapo kidogo mno, chini ya sehemu moja ya kumi. Pengo lote lililokuwa kati ya baiskeli hizo mbili limemezwa na magoti.

Mwanamke anayetoka kisimani na ndoo kichwani anaijua fizikia hii yote. Njia ina mawe na mashimo, kiuno na magoti vinapanda na kushuka, ndoo inakwenda mstari mmoja. Kinachotakiwa kwa mwendeshaji wa baiskeli ya mbonyeo mfupi ni hicho hicho: kifua kibaki na safari yake, miguu na mikono ishughulike na ardhi.

Ila miguu ina mpaka, na mpaka wenyewe ni wa muda. Kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa unapita mita 7 kila sekunde. Kama mawe yako kila nusu mita, unapigwa mara 14 kwa sekunde, na hakuna goti la binadamu linaloweza kukunjika na kunyooka kwa haraka hiyo. Mapigo madogo ya mfululizo ni kazi ya tairi na springi. Kwa hiyo springi fupi haikuongopei kuhusu jiwe kubwa mojamoja, kwa kuwa hilo utalimaliza mwenyewe. Inachoshindwa ni bonde refu la mawe yaliyosongamana, ukilipita kwa kasi. Pale gurudumu linapigwa kabla halijarudi kutoka pigo lililotangulia, mbonyeo unaliwa kidogo kidogo, na mikono inaanza kufa ganzi. Mwenye sentimita 17 anapita akiwa ametulia. Anayeishi mahali ambapo njia zote ziko hivyo asome sura inayofuata.

Tatizo la pili la springi ya nyuma ndilo lile lililowafanya wakimbiaji wa zamani waichukie. Ukikanyaga pedali kwa nguvu, uzito wa mwili unasukumwa nyuma na springi inataka kuzama. Kila mkanyago, baiskeli inainama na kuinuka, na nguvu uliyoitoa kifuani inaishia kupasha moto oili ya shokamzoba. Dawa yake ilipatikana katika cheni. Sehemu ya juu ya cheni, ile inayovuta, ikipita chini kidogo ya mhimili ambao mkono wa nyuma unaobeba gurudumu unauzunguka, basi ule mvuto wenyewe unajaribu kuinyoosha springi. Ukizipanga pembe vizuri, uzito unaoizamisha na mvuto unaoinyoosha vinalingana, na baiskeli inatulia.

Gharama yake huonekana gurudumu linapopanda juu ya jiwe. Mpangilio huo unalazimisha umbali kati ya krenki na ekseli ya nyuma uongezeke springi inapobonyea, cheni inakazwa, na pedali zinavutwa nyuma chini ya nyayo zako. Kadiri mbonyeo unavyokuwa mrefu ndivyo cheni inavyovutwa zaidi. Hapa ndipo ufupi unapokuwa fadhila. Gurudumu likipanda sentimita 12 tu, mbunifu anaweza kuweka ukinzani mkubwa wa kuzama bila pedali kurushwa sana. Watu kama Horst Leitner, mhandisi mzaliwa wa Austria aliyetoka kwenye mbio za pikipiki, na baadaye Dave Weagle wa Marekani, walijenga majina yao kwa kuhangaika na mahali pa kuweka mihimili hii michache. Hataza ya Leitner ilinunuliwa na Specialized mwaka 1998, na kampuni nyingine zikawa zinailipia au kuizunguka kwa miaka mingi.

Ufupi una fadhila nyingine inayozungumzwa kidogo. Mkono wa nyuma unaopanda sentimita 12 hugeuka nyuzi chache tu kwenye baadhi ya maungio. Baadhi ya wabunifu wakagundua kwamba ungio moja linaweza kuondolewa kabisa, beringi na boliti zake, na vijiti viwili vyembamba vya kaboni vikaachwa vipinde vyenyewe. Uzito unapungua, na hakuna kitu cha kuliwa na vumbi mahali hapo. Kwenye mbonyeo wa sentimita 17 vijiti hivyo vingechoka mapema.

Tuingie njiani.

Unapopanda mwinuko, kitu cha kwanza utakachokigundua ni kwamba baiskeli iko juu. Hailali chini ya makalio yako kama kochi. Unakanyaga, inakwenda. Mwinuko ukiwa na mizizi, hasa mizizi yenye unyevu, ndipo springi ya nyuma inapolipa gharama zake. Baiskeli isiyo na springi nyuma ikigonga mzizi inarushwa, tairi linapoteza ardhi kwa sehemu ya sekunde, mkanyago wako unageuka kuwa mzunguko wa bure, na mara nyingi unashusha mguu. Yenye springi inaliacha gurudumu lipande peke yake, mwili unabaki pale pale, tairi linaendelea kushika. Kwa hiyo unaweza kuendelea kukaa kwenye kiti na kukanyaga mahali ambapo zamani ungelazimika kusimama na kubembeleza. Mtu wa mbio anapata sekunde zake hapo, na mtu wa kawaida anapata kufika juu bila kuisukuma.

Kwenye tambarare baiskeli hii hufanya jambo ambalo ndilo hasa linalonifanya niipende. Njia ya msituni, hata ikiitwa tambarare, ina mawimbi: kifundo hapa, kibonde pale, mzizi mzee uliofunikwa na udongo. Ukizidi kuwa mwepesi unapopanda wimbi na kusukuma kwa miguu na mikono unapolishuka, ardhi inakurudishia kasi bila hata kukanyaga. Kwenye springi ndefu na laini, msukumo wako huzama katika shokamzoba kabla haujafika ardhini. Kwenye fupi unafika. Unasukuma, tairi linasukuma udongo, na baiskeli inaruka mbele. Baada ya muda unaanza kuisoma njia kwa jicho jingine, kila kibonde unakiona kama mahali pa kuongezea mwendo, na njia uliyoizoea na kuichoka inakuwa mpya. Wapo waendeshaji hodari wenye baiskeli kubwa nyumbani ambao siku nyingi za wiki huchukua ile ndogo, na nadhani sababu ni hii.

Kona nazo zina habari yake. Baiskeli inayobonyea kidogo haihitaji kuinuliwa sana juu ya ardhi, hivyo krenki inaweza kukaa chini zaidi, na mwendeshaji anahisi yuko ndani ya baiskeli badala ya kukalia juu yake. Unapoilaza kwenye kona, mabadiliko ya umbo ni madogo. Unajua tairi la mbele liko wapi. Kasoro ni kwamba pedali nazo ziko chini, na kwenye njia ya mawe lazima ujifunze kuhesabu mkanyago ili pedali isigonge jiwe.

Halafu mteremko, ambako watu wengi huiogopa baiskeli hii bila sababu ya kutosha. Hofu hiyo ilikuwa ya haki katika miaka ya 1990. Wakati ule baiskeli ya mbonyeo mfupi ilikuwa baiskeli ya mbio tu: foki imesimama kwa pembe ya nyuzi 71, fremu fupi, shingo ya usukani ndefu, na mwendeshaji amelala mbele, kichwa kikiwa karibu juu ya gurudumu. Kwenye mteremko mkali ulikuwa unaning'inia, na jiwe moja lilitosha kukurusha juu ya usukani. Watu wakahusisha hatari hiyo na uchache wa milimita. Kosa lilikuwa kwenye umbo la fremu.

Wabunifu wachache walilijaribu wazo hilo kwa vitendo. Process 111 ya Kona, ya mwaka 2014, ilikuwa na milimita 111 tu nyuma na magurudumu ya inchi 29, lakini fremu ilirefushwa mbele, shingo ya usukani ikafupishwa, na foki ikalazwa hadi nyuzi 68. Baada yake ikaja The Following ya kampuni ya Evil. Waliozipanda wakashangaa: baiskeli ndogo iliyokuwa inashuka kama kubwa. Mwaka 2020 Transition, kampuni ya Bellingham katika jimbo la Washington, ikatoa Spur, milimita 120 mbele na nyuma, foki imelazwa nyuzi 66. Pembe hiyo, miaka kumi kabla, ungeikuta kwenye baiskeli nzito za mteremko.

Foki ikilazwa, gurudumu la mbele linakwenda mbali zaidi mbele yako, na mteremko unapokuwa mkali bado una ardhi nyingi kati ya kifua chako na mahali linapogusa. Ongeza hapo kiti kinachoshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani, kinachokuacha uchuchumae na baiskeli ipite chini yako kwa uhuru, na nusu ya woga wa mteremko umeondoka kabla springi haijaulizwa lolote.

Ukifunga breki ya mbele, uzito unakimbilia mbele na foki inazama. Kila foki inapozama sentimita 2 peke yake, baiskeli nzima inainama mbele kwa takriban nyuzi 1, na pembe uliyoilipia inapotea kwa kiasi hicho hicho. Foki ya sentimita 17 ikizama yote wakati nyuma imeinuka, umepoteza nyuzi 8. Ya sentimita 12 haiwezi kukupotezea zaidi ya 6. Ndiyo maana baiskeli fupi yenye umbo zuri inabaki vile vile ilivyokuwa dakika iliyopita, na kwenye mteremko wa kona nyingi utulivu huo una thamani kubwa kuliko ulaini.

Lakini inakudai. Mbele ya jiwe inabidi uchague: kulia kwake, kushoto kwake, au kuruka. Springi ndefu husamehe mtu aliyechelewa kuchagua. Fupi itakufikisha chini, ila kishindo kitakwambia wazi kwamba ulichelewa. Sioni hilo kama upungufu. Mtu anayejifunza juu ya baiskeli inayomweleza ukweli wa njia hujifunza haraka kutazama mbali, kulainisha magoti, na kufunga breki kabla ya kona badala ya ndani yake. Anayeanza na baiskeli kubwa anaweza kwenda kasi kwa mwaka mzima bila kujifunza hata moja kati ya hayo, mpaka siku kasi inapozidi kile ambacho springi inaweza kukisamehe. Siku hiyo huwa mbaya.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hoja hii ina uzito wake. Njia zetu nyingi ni vijia vya miguu, vilivyochongwa na watu na mifugo vikitafuta wepesi wa kwenda: udongo mwekundu, mizizi, mifereji ya maji ya masika, mawe hapa na pale, kupanda na kushuka kwingi. Vijia vya baiskeli vya msitu wa Karura, Nairobi, viko hivyo, na vijia vinavyokatiza mashamba ya milima ya Usambara pia. Hatuna viti vya nyaya vya kutupandisha. Kila mita unayoshuka uliipanda kwa miguu yako, na barabara ya changarawe ya kukufikisha kwenye njia yenyewe huenda ni ndefu kuliko njia. Baiskeli ya sentimita 17 katika mazingira hayo ni kubeba silaha ya vita isiyokuja.

Kuna na suala la fundi. Springi za baiskeli hizi huwa ni za hewa: chemba ndogo iliyojazwa kwa pampu maalumu yenye geji, kwa shinikizo kubwa mara nyingi kuliko la tairi. Mpira unaozuia hewa na oili isitoke ni mwembamba, na adui yake ni vumbi laini la kiangazi linaloganda kwenye mrija unaong'aa. Kila baada ya safari ya vumbi, pangusa mrija huo kwa kitambaa safi kabla hujafanya jingine lolote. Usielekeze maji ya presha kwenye maungio ya nyuma. Maji hupenya, grisi inatoka, na beringi zinaanza kulia baada ya wiki chache. Fundi wa mtaani anayejua kunyoosha rimu na kukaza spoku atakusaidia kwa mambo mengi, lakini shokamzoba asiifungue kama hajawahi kuifungua, kwa sababu hewa iliyomo ndani inaweza kurusha chuma kwa nguvu ya kuumiza. Itolewe yote kwenye vali kwanza.

Upangaji wa springi ndio unaoamua kama utaipenda baiskeli au utaichukia, na wengi huuruka. Vaa kila kitu unachovaa ukiwa njiani, pamoja na mkoba wa maji. Panda, simama juu ya pedali, mtu akushikie usukani. Kwenye mrija wa shokamzoba kuna pete ya mpira. Isogeze hadi mwisho, kisha shuka polepole bila kutikisa. Umbali ambao pete imesogea ni kuzama kwa uzito wako. Kwa nyuma tafuta asilimia 25 hadi 30. Kama mrija una safari ya milimita 45, hiyo ni milimita 11 hadi 13 na ushee. Pete ikienda mbali zaidi, ongeza hewa, isipofika, punguza.

Watu hujiuliza kwa nini upoteze karibu theluthi ya mbonyeo mfupi hata kabla ya kuondoka. Haupotei. Gurudumu linahitaji nafasi ya kushuka kama linavyohitaji nafasi ya kupanda, ili likikuta shimo liingie na kuendelea kushika ardhi wakati mwili wako unapita juu. Mtu anayejaza hewa hadi baiskeli isizame, akidhani anaokoa milimita, anaendesha kitu kinachodundadunda kutoka kilele hadi kilele. Ukiona unagota mara kwa mara ilhali kuzama kuko sawa, usiongeze hewa. Weka kipande cha plastiki ndani ya chemba kupunguza nafasi ya hewa. Mwanzo utabaki laini na mwisho utakuwa mgumu, maana hewa ikibanwa katika nafasi ndogo shinikizo hupanda kwa haraka.

Tairi lipangwe pamoja na springi, kwa kuwa ndilo springi ya kwanza, na kwenye baiskeli fupi mchango wake ni mkubwa. Tairi pana lisilo na tyubu, lenye maji ya kuziba ndani, linaweza kuendeshwa kwa upepo mdogo kiasi cha kujikunja juu ya mzizi badala ya kuruka. Ukiongeza upepo ili liteleze vizuri kwenye lami, umekata sehemu ya ulaini uliokuwa nao na shokamzoba haiwezi kukurudishia.

Kinachobaki ni kitufe cha kasi ya kurudi, mara nyingi chekundu, chini ya foki na ubavuni mwa shokamzoba. Kinaamua springi iliyobonyezwa irudi haraka kiasi gani. Tafuta kipande kifupi cha njia chenye mizizi mitatu minne na mteremko wa wastani, ukipite kwa kasi ile ile mara kadhaa. Kama baiskeli inakurusha juu baada ya kila mzizi, inarudi haraka mno. Geuza kitufe hatua moja kuelekea polepole. Kama mzizi wa kwanza unapita laini, wa pili mgumu, wa tatu kama ukuta, inarudi polepole mno na springi inazidi kuzama; geuza upande wa pili. Fanya mbele na nyuma kwa zamu, hatua moja kila mara, mpaka mizizi yote mitatu ipige sawa.